Kifua cha mama chashinda blanketi

JE, msomaji, umewahi kushika kitasa cha chuma alfajiri ya mwezi wa Julai ukadhani umeshika barafu, ilhali mlango wenyewe wa mbao haukukushtua? Kitasa na mlango vimelala chumba kimoja na joto lao ni lile lile. Tofauti ni kuwa chuma hupokonya mkono wako joto kwa haraka, nayo mbao hulichukua polepole.

Wewe utavuta mkono na kwenda zako. Lakini mtoto aliyezaliwa dakika tano zilizopita, akilazwa uchi juu ya mzani wa chuma, hana pa kwenda.

Hebu fikiria yaliyompata. Kwa miezi yote ya mimba ameishi penye joto la nyuzi 37 hivi. Ghafla anatokea akiwa amelowa chapachapa, katika chumba ambacho huenda ni baridi kama kile ulichoamkia huko Limuru au Nyahururu. Maji yanapokauka mwilini huondoka na joto, ndiyo maana nawe hutetemeka ukitoka bafuni. Asipokaushwa mara moja, joto lake laweza kushuka kwa nyuzi 2 hadi 4 katika dakika 10 hadi 20 za kwanza. Kawaida lapaswa kuwa kati ya nyuzi 36.5 na 37.5.

Usingoje kumwona akitetemeka. Mtoto mchanga hajui kutetemeka kama mimi na wewe. Badala yake huchoma mafuta maalum ya rangi ya hudhurungi yaliyo shingoni, kati ya mabega na karibu na mafigo. Kazi hiyo humla sukari na oksijeni, vitu ambavyo bado anavihitaji kwa kupumua na kunyonya. Aliyezaliwa kabla ya wakati hana akiba kubwa ya mafuta hayo. Tena ni mdogo, na kitu kidogo hupoa upesi: chai ya kikombe hupoa kabla ya ile iliyobaki kwenye sufuria.

Hapa ndipo ninapokosana na baadhi ya nyanya zetu, kwa heshima zote. Alipozaliwa mpwa wangu, beseni la maji lilikuwa tayari kabla hata hajanyonya. Utando mweupe uliompaka ngozi ulionekana uchafu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asioshwe hadi saa 24 zipite. Akaushwe, kichwa pia, avishwe kofia, kisha alazwe kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi.

Ushauri huu wa kifua una historia. Mwaka wa 1978, jijini Bogotá nchini Colombia, daktari Edgar Rey alikuwa na watoto wengi waliozaliwa kabla ya wakati na inkubeta chache. Akawafunga vifuani pa mama zao, jinsi kangaruu abebavyo mtoto wake. Wengi waliona hiyo ni njia ya maskini tu.

Mwaka wa 2021 yakatolewa matokeo ya utafiti uliofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na jirani zetu Tanzania. Watoto 3,211 wenye uzani wa kati ya kilo 1 na kilo 1.8 walifuatiliwa. Miongoni mwa waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, asilimia 12 walifariki katika siku 28 za kwanza. Kwa wale waliotunzwa kwanza katika inkubeta au chini ya taa ya joto hadi hali yao itulie, walikuwa asilimia 15.7. Utafiti ulikatizwa mapema kwa sababu faida ilikwishaonekana.

Na baba? Kifua chake pia kina joto. Avue shati, mtoto abaki na nepi, kofia na soksi, kisha wafunikwe pamoja kwa leso na blanketi. Mablanketi mawili mepesi huwa bora kuliko moja zito, kwani hewa iliyonaswa katikati huzuia joto kutoroka. Tafadhali usiingize jiko la makaa chumbani na kufunga madirisha. Gesi yake haina harufu, na imeua jamaa nzima usingizini.

Wasomaji wa Mombasa na Garissa, ninyi mna tatizo la kinyume. Mtoto aliyefunikwa gubigubi kwenye joto huwa mwekundu, hupumua mbio na hukataa titi. Mpunguzieni nguo.

Huna kipimajoto? Gusa nyayo za mtoto, kisha tumbo, kwa mgongo wa mkono wako. Vyote vikiwa na joto, mwache alale. Nyayo zikiwa baridi na tumbo lina joto, mrudishe kifuani. Tumbo nalo likiwa baridi, mfunge kifuani na uelekee hospitali, hata kama ni saa tisa za usiku.