Urithi wa Rangi kwa Gapi na Tahadhari ya Ufugaji Wake katika Bonde la Mto Ruvu

Makala haya yanafafanua jinsi rangi inavyorithishwa kwa gapi (Poecilia reticulata), samaki mdogo wa maji baridi anayezaa watoto hai. Hoja kuu ni kwamba sifa moja ya jike, yaani uwezo wa kuhifadhi mbegu za dume, huamua mafanikio ya mfugaji ndani ya tangi na pia hatari ya samaki huyo akitoka nje. Mazingira yanayorejelewa ni bonde la Ruvu, ambamo imo kata ya Ubena, hadi mto unapoingia baharini karibu na Bagamoyo.

Asili ya gapi ni Amerika ya Kusini na visiwa jirani, kikiwemo Trinidad. Dume ni mdogo na ana madoa ya rangi nyingi; jike ni mkubwa na kwa kawaida ni wa kijivu. Mwaka 1920, Johannes Schmidt wa Denmark alionyesha kwamba doa jeusi la pezi la mgongo hurithiwa na watoto wa kiume kutoka kwa baba. Mwaka 1922, Øjvind Winge alieleza kwamba jeni ya doa hilo imo katika kromosomu Y. Uchunguzi wake ulibainisha pia jeni za rangi zilizo katika kromosomu X, ambazo jike hubeba bila kuzionyesha. Kwa hiyo, mfugaji anayechagua madume pekee huchagua nusu tu ya urithi.

Ugumu wa pili ni mbegu zilizohifadhiwa. Jike huzaa takribani kila baada ya wiki nne, na mbegu za upandishaji mmoja zaweza kutumika kwa miezi kadhaa. Jike aliyekwisha kukutana na dume asiyetakiwa ataendelea kuzaa watoto wake hata baada ya kuhamishiwa kwa dume bora. Kwa sababu hiyo, vifaranga hutenganishwa mapema, mara pezi la mkundu la madume linapoanza kurefuka na kuwa kiungo cha kupandishia. Aidha, kupandisha ndugu kwa vizazi vingi huimarisha rangi lakini hudhoofisha afya. Hivyo hufaa kutunza koo mbili au zaidi na kuzichanganya kwa kumbukumbu zilizoandikwa.

Sifa hiyohiyo ina maana nyingine nje ya tangi: jike mmoja mwenye mimba aweza kuanzisha jamii nzima. Katika bonde la Ruvu wamo samaki wenyeji wa jenasi ya Nothobranchius, ambao madume yao pia yana rangi za kuvutia. Huishi katika madimbwi ya msimu, na mayai yao hustahimili kiangazi ndani ya tope. Ukaukaji huo huua gapi, na kwa kiasi fulani huwakinga wenyeji. Kinga hiyo haipo kwenye mitaro, mabwawa ya kudumu na mifereji ya mashamba ya mpunga, na mafuriko ya masika huunganisha maji hayo na madimbwi.

Kwa hiyo, gapi waliokataliwa kwa rangi wasiachiliwe mtoni wala mtaroni, na maji ya tangi yamwagwe kwenye ardhi kavu iliyo mbali na mkondo. Uchaguzi wa rangi hukamilika pale tu ambapo mfugaji anajua kila jike alipo.