Shuka Voi: Siku Tatu za Kuonja, Kula na Kupanda Vilima

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mwanamke wa kijiji cha Mraru aliyetaka kufika soko la Voi alikuwa na shida moja kubwa: gari. Mabasi yalifika kijijini yakiwa yameshajaa, yakampita kando ya barabara na kapu lake la mboga, na siku ya soko ikaharibika. Wanawake wa Mraru hawakuishia kulalamika. Waliunda kikundi, wakachangishana kidogo kidogo kwa miaka kadhaa, wakaongezea mkopo, na mwaka 1975 wakanunua basi lao wenyewe. Mkopo ukalipwa. Mwaka 1980 habari yao ilichapishwa New York, katika kijitabu cha kwanza cha mfululizo ulioitwa SEEDS, ikasomwa na vikundi vya wanawake katika nchi nyingi.

Leo gari linalowapita watu wa Voi na vilima vyake ni la namna nyingine. Tangu Juni 2017, treni ya Madaraka Express imekuwa ikibeba wasafiri kati ya Nairobi na Mombasa. Wengi wao huwaona ndovu wekundu wa Tsavo dirishani, hupiga picha mbili tatu, kisha huendelea na safari hadi baharini. Mtu aliyechoka na kazi, anayetafuta siku tatu za kinywaji kizuri, chakula cha kukumbukwa na jasho la kupanda mlima, hupita katikati ya vyote hivyo akiwa amekaa kitini.

Ziara za namna hiyo zimeshamiri sehemu nyingi duniani. Huko Stellenbosch, Afrika Kusini, mgeni hupanda mlima asubuhi, huonja mvinyo mchana katika shamba la mizabibu, na jioni huketi mezani kwa chakula kilichopikwa kwa mazao ya palepale. Afrika Mashariki nayo ina mizabibu yake. Wamisionari wa Kiitaliano waliileta Dodoma katika miaka ya 1950, na jua la huko huwawezesha wakulima kuvuna mara mbili kwa mwaka. Naivasha nako, zabibu hukua kwenye miinuko ya Bonde la Ufa na kuwa mvinyo unaouzwa Kenya nzima.

Kaunti ya Taita Taveta, ulipo mji wa Voi, haikupata jina kwa zabibu. Kinywaji chake hutoka kwenye miwa.

Kinywaji cha wenyeji wa vilima hivi ni mbangara, pombe inayotokana na maji ya miwa. Miwa humenywa, hupondwa na kukamuliwa, kisha maji yake huachwa yachachuke. Katika sehemu nyingi za Kenya, kazi ya kuamsha uchachu katika pombe za miwa na asali hufanywa na tunda la mwegea, lile refu linaloning'inia mtini kama soseji. Likikaushwa, nyuzi zake huhifadhi hamira ya asili, na tunda moja huweza kutumika tena na tena. Baadhi ya watengenezaji mvinyo wa Ufaransa hutegemea hamira za namna hiyohiyo, zilizo juu ya maganda ya zabibu zao.

Ustadi wa kuonja ni uleule pia. Kwanza mtu hutazama rangi, kisha hunusa, kisha huchukua funda dogo na kulizungusha mdomoni. Utamu huonekana mapema, uchachu hufuata, na ukakasi husikika kwenye ufizi. Mvinyo mwekundu hupata ukakasi wake kwenye maganda na kokwa za zabibu. Ndiyo maana hupendeza pamoja na nyama choma ya mbuzi: ukakasi hushikana na mafuta na protini ya nyama, na mdomo ukabaki safi kwa tonge linalofuata. Mbangara haina ukakasi huo. Nguvu yake ni uchachu na utamu unaobaki, kwa hiyo huikabili nyama yenye mafuta kama ndimu inavyoukabili mchuzi mzito.

Waonjaji mvinyo wana desturi inayowashangaza wageni: baada ya kuonja, hutema. Hufanya hivyo ili akili ibaki timamu hadi glasi ya mwisho. Kwa Wataita, kupuliza kinywaji kutoka mdomoni kulikuwa na maana nzito zaidi. Mwanaanthropolojia Grace Harris, aliyeishi vilimani mwanzoni mwa miaka ya 1950, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1978 ibada iitwayo kutasa. Mzee huchukua funda la pombe au la maji ya miwa, hulipuliza nje kwa matone, na hapohapo hutamka maneno ya heri. Kwa imani hiyo, hasira iliyofichwa moyoni mwa ndugu huweza kuleta ugonjwa na maafa nyumbani. Anayefanya kutasa huitoa hasira hiyo nje pamoja na kinywaji, na baraka ikachukua nafasi yake.

Mgeni anayeonja mbangara huku akilijua hilo huonja kitu kizito kuliko pombe. Kinywaji hicho kimesuluhisha ugomvi wa ndugu, kimefungua mikutano ya ukoo, kimesindikiza sala za mvua. Ni mashamba machache ya mizabibu duniani yanayoweza kumsimulia mgeni habari kama hiyo juu ya chupa moja.

Sheria nayo ina neno lake. Kenya iliipiga marufuku chang'aa, pombe kali ya kukeneka, mwaka 1980. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 iliondoa marufuku hiyo na kuweka masharti ya leseni, viwango na umri, na leo leseni za vileo hutolewa na serikali za kaunti. Mgeni afuate njia hiyo: aonje mahali penye leseni, kwa mtu anayejulikana kwa usafi wake, na kwa kiasi. Asiyetumia kileo, kwa dini au kwa hiari yake, hakosi kitu. Maji ya miwa yaliyokamuliwa sasa hivi yanaonjwa kwa hatua zilezile, na asali vilevile.

Asali ya Sagalla inastahili safari peke yake. Kilima cha Sagalla kimeinuka kusini mwa mji wa Voi, na mashamba yaliyo chini yake yamepakana na njia za ndovu wa Tsavo. Kwa miaka mingi mkulima aliweza kulala na mahindi shambani na kuamka na mabua. Mtafiti Lucy King na shirika la Save the Elephants wakaleta uzio wa mizinga. Mizinga hutundikwa kuzunguka shamba, ikaunganishwa kwa waya. Ndovu akiugusa waya, mizinga hutikisika, nyuki hutoka kwa hasira, naye ndovu, mnyama mkubwa kuliko wote wa nchi kavu, hugeuza njia. Mkulima hubaki na mazao na asali juu yake. Asali hiyo huuzwa kwenye chupa ndogo, na ladha yake hubadilika kulingana na maua ya msimu. Ukionja ya misimu miwili mfululizo, utaitambua tofauti kama wanavyoitambua waonjaji mvinyo kati ya mwaka na mwaka.

Tuje mezani. Chakula kinachowatambulisha Wataita ni kimanga: muhogo, ndizi mbichi au viazi vitamu vilivyochemshwa pamoja na maharagwe au kunde, kisha vikapondwa hadi vishikane. Kina uzito wa chakula cha mtu anayepanda na kushuka mlima kila siku. Kando yake huweza kuwekwa mboga za majani kutoka matuta ya Wundanyi, mbuzi wa kuchoma kutoka nyanda kavu za chini, ndizi za Taveta zinazonyweshwa na maji ya Kilimanjaro, na ngege wa Ziwa Jipe. Ndani ya kaunti moja mpishi anapata mazao ya mlimani, ya nyika, ya ziwani na ya chemchemi. Hoteli nyingi duniani huagiza kwa ndege vitu vyenye tofauti kama hiyo.

Anayetaka meza yenye vitambaa vyeupe naye hakosi. Katika hifadhi ya binafsi ya Taita Hills, kando ya barabara ya Voi kwenda Taveta, iko hoteli ya Salt Lick, ambayo vyumba vyake vya mviringo vimejengwa juu ya nguzo. Chini yake kuna kidimbwi cha maji, na ndovu na nyati huja kunywa wageni wakiwa juu wanakula. Karibu na Taveta, juu ya kilima, imesimama nyumba aliyoijenga mlowezi Ewart Grogan katika miaka ya 1930, maarufu kama Grogan's Castle, ikitazama Ziwa Jipe na milima ya Upare ng'ambo ya mpaka.

Kwa kweli, wazo la kuchanganya mvinyo na pori lilifika hapa zamani, ila lilikuwa la wachache. Denys Finch Hatton, mwindaji wa Kiingereza aliyewaongoza matajiri na wana wa wafalme, alisifika kwa mapenzi yake kwa mvinyo mzuri. Alikufa Voi tarehe 14 Mei 1931, ndege yake ndogo ilipoanguka muda mfupi baada ya kuruka. Siku zile mwenyeji alikuwa mbeba mizigo katika karamu ya mtu mwingine. Siku hizi anaweza kuwa mwenye meza.

Jasho nalo lina mahali pake, na siku ya kwanza ni ya mbugani. Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, zilizoanzishwa mwaka 1948 zikiwa mbuga moja, zina zaidi ya kilomita za mraba 20,000 kwa pamoja. Lango la Voi liko kilomita chache tu kutoka mjini. Ndani ya Tsavo Mashariki kuna Mwamba wa Mudanda, jiwe moja lenye urefu wa zaidi ya kilomita moja na nusu, ambalo mgeni huruhusiwa kulipanda na kutazama bwawa lililo chini yake. Wakati wa kiangazi ndovu hukusanyika hapo kwa makundi, wakiwa wamejipaka udongo mwekundu wa Tsavo.

Siku ya pili ni ya vilimani. Kutoka Voi kupitia Mwatate hadi Wundanyi ni mwendo wa chini ya kilomita 50, lakini mgeni huacha joto la nyika na kuingia penye ukungu na sweta. Vilima vya Taita ni ncha ya kaskazini ya Tao la Mashariki, safu ya milima ya kale inayoendelea Tanzania hadi Udzungwa. Upepo wa Bahari ya Hindi huleta unyevu, misitu huukamata, mito huupeleka chini. Kilele cha Vuria kina mita 2,208. Msitu wa Ngangao una ukubwa wa hekta 120 hivi, lakini ndani yake wapo ndege wasiopatikana popote pengine duniani ila katika vilima hivi. Kwenye msitu wa Mbololo, juu kaskazini-magharibi mwa Voi, huota ua dogo la zambarau, Saintpaulia teitensis, ndugu wa maua yanayopandwa madirishani Ulaya.

Mwenye miguu imara aende Kasigau siku ya tatu. Mlima huo umesimama peke yake katikati ya nyika, mita 1,641, na vijiji vya Rukanga, Jora, Bungule, Makwasinyi na Kiteghe vimeuzunguka. Mwongoza njia wa kijijini ni wa lazima. Yeye ndiye anayejua pa kukanyaga, na ndiye anayejua kwamba mwaka 1915, wakati wa vita ya Waingereza na Wajerumani, Wakasighau walihamishwa kwa nguvu na Waingereza hadi Malindi, na wengi wakafia huko.

Mambo machache ya kupanga mapema: treni ya asubuhi inayosimama vituo vya njiani ndiyo ya kukata tiketi. Ada ya mbuga hulipwa kwa mtandao, kwa kuwa malangoni hawapokei fedha taslimu. Malango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Kuonja kuwe jioni, baada ya mlima na baada ya gari kuegeshwa, kwa sababu ndovu huvuka barabara za huku bila kutoa taarifa. Na pesa za chakula, za mwongozo na za asali zilipwe moja kwa moja mkononi mwa wenyeji wanaofanya kazi hiyo.

Safari ikiisha, mgeni husimama kwenye jukwaa la kituo cha Voi. Kusini, Sagalla huonekana wazi hadi kwenye miamba yake. Treni ya Nairobi ikisimama, hupanda mtu mwenye vumbi jekundu kwenye viatu, fungu la ndizi za Taveta mkononi na chupa ya asali iliyofungwa ndani ya sweta isivunjike. Ndani ya behewa wanakaa waliotoka Mombasa, na mmoja wao, akisogea kumpisha kiti, huuliza ndizi hizo amezitoa wapi.