Je, Wajua? Siku 23 na Daktari wa Kremmling

Je, wajua kwamba mpigapicha W. Eugene Smith alianza moja ya kazi zake maarufu akiwa na kamera isiyo na filamu? Mwaka 1948 jarida la Life lilimtuma Kremmling, mji mdogo milimani huko Colorado, Marekani, akamfuate Dkt. Ernest Ceriani. Mwanzoni alibofya tu, ili daktari amzoee na aache kujipanga mbele ya kamera. Filamu ilipoingia, Ceriani alikuwa ameshamsahau.

Smith aliandamana naye siku 23. Daktari huyo, mwenye umri wa miaka 32, alihudumia peke yake takribani watu 2,000, kwenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 1,000. Siku moja alipopata upenyo wa kwenda kuvua samaki, aliitwa haraka: mtoto mdogo wa kike amepigwa teke la kichwa na farasi.

Picha inayogusa zaidi, kwa maoni yangu, haina mgonjwa. Ceriani ameegemea kaunta ya jiko la hospitali, saa 8 usiku, ametoka kufanya upasuaji. Barakoa inaning'inia shingoni, kikombe cha kahawa mkono mmoja, sigara mkono mwingine, macho hayamtazami mtu.

Mkewe na wanawe nao wamo katika picha hizo, wakiwa naye katika zile saa chache alizopata nyumbani. Life ilizichapisha tarehe 20 Septemba 1948, na hadi leo wanafunzi wa upigaji picha za habari huzisoma.