Kikande hayupo, shefuna wamejaa: somo la ikolojia pale maji yanapokupwa

Wazazi wengi wa huku kwetu, mtoto akiomba nauli ya kwenda ufuoni na darasa lake, tena abebe kamba na vijiti vinne, humjibu kwamba bahari ameiona tangu azaliwe, sasa anakwenda kusoma nini? Mimi nasema apewe. Ikolojia, ambayo wanafunzi huikuta Kidato cha Tatu, ni katika mada chache ambazo mtoto wa Pwani anaweza kuzishika kwa mkono, na faida yake haiishii kwenye mtihani.

Tuanze na nani anamla nani. Chini kabisa wako wazalishaji: mwani, nyasi za bahari na vijimea vidogo visivyoonekana kwa macho. Hivi hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Mwani huliwa na tafi, pono na shefuna. Tafi huliwa na chewa, shefuna huliwa na kikande, na juu ya wote hao yuko mvuvi na lema lake. Kila chakula kinapopanda daraja, sehemu kubwa hupotea kwa kupumua, kuogelea na kutoa kinyesi. Kitabu husema kinachofika juu ni kama sehemu moja kwa kumi. Kilo 1000 za mwani huleta kama kilo 100 za tafi, na hao tafi huleta kama kilo 10 za chewa. Basi usishangae chewa kuwa wachache kuliko tafi, wala kwamba wao ndio huwahi kwisha.

Vitabu hupenda mfano wa nyasi, swala na simba. Mimi ningeanza na kikande. Ni samaki wa ngozi ngumu na meno ya nguvu, na ndiye hasa anayeweza kumvunja shefuna pamoja na miba yake. Lakini pia ni mwepesi wa kufuata chambo, kwa hiyo akivuliwa sana hutoweka mapema, na kurudi kwake huchukua miaka mingi. Akishaondoka, shefuna hana wa kumzuia. Huzaliana, hula mwani ambao tafi na pono wangeula, na kwa meno yake matano hukwangua jiwe na matumbawe pamoja. Mtafiti Tim McClanahan na wenzake wamekuwa wakihesabu kwenye miamba ya Kenya tangu miaka ya 1980. Ndani ya hifadhi za Malindi na Watamu, zilizolindwa tangu 1968, walikuta shefuna wachache. Kwenye miamba inayovuliwa sana walikuta shefuna tele na kikande kwa nadra.

Walijuaje? Hakuna mtu anayeweza kuhesabu shefuna wote wa mwamba mzima. Hapo ndipo vile vijiti vinne vinapoingia. Ukivifunga vikawa mraba wa mita moja kwa mita moja, umepata kwadrati. Tuseme sehemu yenu ina urefu wa mita 50 na upana wa mita 20, yaani mita 1000 za mraba. Mkiweka kwadrati mara 10 mkapata shefuna 30 kwa jumla, wastani ni 3 kwa kila mita ya mraba, na makadirio ya sehemu nzima ni 3000. Hesabu ni nyepesi. Kazi ni mahali pa kuweka. Mwanafunzi akiachiwa achague, ataweka pale anapoona shefuna wengi, na jibu litakuwa uongo. Ndiyo maana mahali huchaguliwa kwa kura ya nambari.

Kamba nayo ni ya transekti. Huvutwa kutoka ufuoni kuelekea mwambani, na kila baada ya mita 5, tuseme, mnaandika kilichopo: mchanga, nyasi, jiwe, matumbawe. Kwadrati hukwambia ni wangapi. Kamba hukuonyesha wanavyobadilika kadiri unavyokwenda.

Kwa kaa wa mikokoni, ambao hawatulii, kuna njia ya kukamata, kutia alama na kukamata tena. Mmekamata 40, mkawatia tone la rangi ya kucha, mkawaachia. Baada ya siku mbili mmekamata 50, na 10 kati yao wana alama. Zidisha 40 kwa 50, gawanya kwa 10: kaa 200. Lakini kaa hujivua gamba, na alama huondoka nalo, kwa hivyo mkichelewa sana hesabu itazidi ukweli.

Siku ya kwenda huchaguliwa kwa mwezi. Bamvua la mwezi mwandamo na la mwezi kumi na nne ndilo hukausha mwamba vizuri, na maji hufika chini kabisa karibu na saa nne au saa tano za asubuhi. Kwenye maji mafu mtarudi na nguo zimelowa na daftari tupu. Hapa mtoto wa mvuvi humfundisha mwalimu aliyetoka bara.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike. Mradi mkubwa ukitaka kujengwa ufuoni, sheria ya mazingira ya 1999 inataka athari zake zichunguzwe, na wananchi hupewa nafasi ya kutoa maoni. Nimekaa kwenye kikao cha namna hiyo. Ripoti ilikuwa nene, imejaa majedwali, na wazee wetu wakasema tu kwamba bahari itaharibika. Wamesema kweli, lakini mwenye mradi alikuwa na nambari na wao hawakuwa nazo. Hakuna aliyemuuliza: mliweka kwadrati ngapi? Mahali mlichagua vipi? Mlikwenda bamvua au maji mafu? Mlihesabu wakati wa kaskazi peke yake, au na kusi pia? Maswali haya yote mwanafunzi wa Kidato cha Tatu anaweza kuyauliza, kama aliwahi kupewa nauli.