Bustani za kimo cha kiti: Wasioweza kuinama wanavyoweza kukuza mboga Eastlands

KWA mkazi wa Kaloleni au Jericho mwenye kipande cha ardhi nyuma ya nyumba, kukuza sukuma wiki ni shughuli ya jembe, miche na maji. Kwa jirani yake anayetumia kiti cha magurudumu, au mzee aliyepooza upande mmoja baada ya kiharusi, kipande hicho hicho chaweza kuwa mbali kama shamba lililo kijijini kwao.

Kinachomzuia mara nyingi si ukosefu wa ujuzi. Wengi wa wazee hao walilelewa kwenye mashamba na wanajua kilimo kuliko vijana wanaowazunguka. Tatizo ni kwamba kitalu kiko chini, naye hawezi kuinama. Kitalu kikiinuliwa hadi kimo chake, nusu ya kazi imekwisha. Nusu inayobaki ni maji na udongo, na katika mitaa ya mashariki mwa Nairobi hayo si mambo madogo.

Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 900,000 wenye ulemavu miongoni mwa Wakenya wa umri wa miaka mitano na zaidi, na ugumu wa kutembea ndio uliotajwa na wengi zaidi. Wapo pia wale wasiojihesabu kuwa walemavu, ila magoti yamewakatalia.

Mbinu ya kilimo inayofahamika zaidi mitaani ni ya gunia. Ilienea sana kuanzia 2008, baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, pale shirika la Ufaransa la Solidarités lilipowasaidia wakazi wa Kibera na Mathare kupanda mboga kwa njia hiyo. Gunia hujazwa udongo uliochanganywa na samadi, huku nguzo ya kokoto ikiachwa katikati ili maji yafike hadi chini. Miche hupandwa juu na katika matundu yanayotobolewa ubavuni.

Kwa mtu mzima wa viungo, gunia ni jambo jema. Kwa aliye kwenye kiti, lina kasoro mbili ambazo wasifiaji wake hawazitaji. Kwanza, likijaa, sehemu ya juu humfikia kifuani au zaidi, na mikono huchoka upesi ikifanya kazi juu ya mabega. Pili, anafikia upande mmoja tu. Gunia likiwekwa pembeni mwa ua, kama ilivyo desturi, matundu ya upande wa pili huwa ya majirani na kuku wao.

Dawa yake ni rahisi. Gunia likunjwe mdomo na kujazwa hadi sentimita 60 hivi tu, matundu yatobolewe upande unaomwelekea mkulima, na mbele yake iachwe njia ngumu isiyo na matope, yenye upana wa angalau mita moja na nusu, ili kiti kiweze kufika na kugeuka. Na lijazwe mahali litakapokaa, kwani gunia la udongo uliolowa huzidi kilo 100 na halihamishiki.

Bora zaidi ya gunia ni kitalu cha meza, ambacho fundi yeyote wa jua kali anayetengeneza vitanda na milango anaweza kukiunda. Mkulima huingiza magoti chini yake kama anayekaa kula. Nafasi ya magoti iwe takriban sentimita 70 kutoka sakafuni, na juu yake sanduku lenye kina cha sentimita 15 hadi 20, lililotandikwa nailoni yenye matundu ya kupitisha maji. Likiegemea ukuta, upana usizidi sentimita 60. Likifikiwa kutoka pande zote mbili, laweza kuwa 120. Anayesimama kwa mikongojo atahitaji kimo cha sentimita 90 hivi na ukingo imara wa kuegemea.

Hata hivyo, vipimo vya karatasini visimtangulie mwenyewe. Fundi amkute mkulima ameketi kwenye kiti chake, anyooshe mkono, ndipo apime. Na asiokoe pesa kwenye miguu ya meza: sanduku la sentimita 120 kwa 60 lenye kina cha 20 hubeba udongo mbichi wa zaidi ya kilo 200. Meza ya mbao dhaifu itamwangukia mtu asiyeweza kuruka pembeni.

Spinachi, dania, terere na vitunguu vya majani huridhika na udongo wa kina kifupi. Sukuma wiki hupenda kina zaidi, hivyo iachiwe gunia au ndoo kuukuu. Faida ya mboga hizi ni kwamba huchumwa kidogo kidogo. Terere huwa tayari baada ya wiki tatu au nne, na sukuma wiki ikishakomaa hutoa majani kwa miezi mingi bila kulima upya. Anayetumia mkono mmoja anaweza kufanya karibu kazi yote kwa uma wa jikoni na kisu kidogo.

Maji ndiyo yanayowashinda wengi. Tangu 2017, Nairobi ilipoanza kugawiwa maji kwa zamu baada ya bwawa la Ndakaini kupungua, wakazi wamezoea kungoja siku yao au kununua mtungi kutoka kwa mikokoteni. Mtungi wa lita 20 una uzito wa kilo 20, na hakuna awezaye kuusukuma pamoja na kiti chake. Lakini meza iliyoelezwa hapo juu haihitaji zaidi ya lita tatu hadi tano siku ya jua kali. Pipa likiinuliwa juu ya mawe na kufungwa mfereji kwenye kimo cha mkono wa aliyeketi, laweza kujazwa kwa mpira siku maji yanapokuja. Kisha mkulima hujichotea kwa chupa ya lita moja au mbili. Maji yaliyooshea mchele na mboga yafaa pia. Ya kufulia yenye dawa ya kung'arisha nguo hayafai.

Kuhusu udongo, yapasa kuwa na hadhari. Utafiti uliofadhiliwa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, na kutolewa 2007, uligundua madini mengi ya risasi kwenye udongo wa jaa la Dandora na maeneo yanayolizunguka. Kati ya watoto 328 waliopimwa, nusu walikuwa na risasi kwenye damu kupita kiwango kilichokubaliwa wakati huo. Udongo wa bure kutoka karibu na jaa, kingo za Mto Nairobi au nyuma ya gereji unaweza kugharimu zaidi ya ule unaonunuliwa kwa wauza miche. Hapa kitalu cha meza kina faida nyingine: mwenyewe ndiye huamua kinachoingia ndani yake.

Wenye majeraha ya uti wa mgongo, na wagonjwa wa kisukari waliopoteza hisia miguuni, wana sababu ya kujiangalia zaidi. Jiwe au chuma chaweza kuwakata wasijue hadi kidonda kioze. Viatu vilivyofunika vidole ni lazima, na baada ya kila robo saa hivi anayeketi muda mrefu ajiinue kidogo au aegemee upande ili kupunguza mgandamizo.

Yote haya yanahitaji mahali penye jua, na hapo ndipo mitaa inapotofautiana. Kaloleni na Maringo zina nyumba za chini na nyua. Katika ghorofa za Pipeline na sehemu nyingi za Kayole na Umoja, jengo lisilo na lifti humlazimu mlemavu kupanga chumba cha chini kabisa, ambako jua halifiki, ilhali paa lenye jua limo juu ya ngazi sita au saba. Kwa huyo, dania na spinachi kwenye beseni karibu na lango huenda zikawa ndizo pekee zitakazokubali, wala si haki kumwambia kwamba ni bidii tu anayokosa.

Miaka ya nyuma askari wa baraza la jiji walikuwa wakifyeka mahindi ya wakazi kando ya barabara. Sheria ya kaunti ya 2015 kuhusu kilimo cha mjini ilikitambua kilimo hicho rasmi, nayo Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya chakula katika Ibara ya 43 na walemavu haki ya kufikia mahali popote kwa njia inayofaa katika Ibara ya 54. Lakini kwa mpangaji, ruhusa ya kwanza ni ya mwenye ploti. Ni busara kumwonyesha mapema meza itakapokaa na maji yatakakotiririkia, na kumwomba fundi aiunge kwa boliti badala ya kuichomelea, ili iweze kufunguliwa na kupakiwa mkokotenini siku ya kuhama.