Usione Vyaelea, Vimeundwa: Kiinimacho ni Mali ya Nani?

Wahenga wetu wa pwani, waliozoea kutazama majahazi yakikata maji, walituachia onyo fupi: usione vyaelea, vimeundwa. Onyo hilo lanijia kila nionapo picha ya mtu anayetembea juu ya maji. Mnamo mwaka 2006, mwanamazingaombwe wa Marekani, Criss Angel, alionyeshwa katika televisheni akivuka bwawa la kuogelea kwa miguu. Mwezi Juni 2011, Mwingereza Steven Frayne, ajulikanaye kwa jina la Dynamo, alishuka katika mto Thames jijini London, karibu na majengo ya Bunge, akatembea hadi katikati ya mto, ndipo akachukuliwa na mashua. Watazamaji wengi huuliza alifanyaje. Swali langu ni jingine: wazo hilo ni mali ya nani?

Kwanza tuelewane kwamba hapa hatuzungumzii uchawi. Kiswahili kimetofautisha mambo haya vizuri. Mchawi hufanya lake gizani ili adhuru. Mwenye kiinimacho husimama mbele ya hadhira iliyokubali kudanganywa kwa muda ili ifurahi. Sayansi nayo ilikwisha sema neno lake. Mwaka 1996 wataalamu wawili waliomchunguza mjusi wa Amerika ya Kati akimbiaye juu ya maji walikadiria kuwa binadamu angehitaji kasi ya mita 30 kwa sekunde ili afanye vivyo hivyo. Hiyo ni zaidi ya maradufu ya kasi kubwa kabisa ya Usain Bolt. Kwa hiyo anayevuka maji polepole ana kitu alichokiunda. Ni kitu gani? Hilo sitalifichua, kwa kuwa siri hiyo ndiyo ugali wake.

Wazo lenyewe ni la kale. Wasomaji wa Injili wanalijua tangu Bahari ya Galilaya, na zaidi ya miaka 500 iliyopita Leonardo da Vinci alichora mtu aliyevaa vyelezo miguuni akivuka maji. Basi si Angel wala Frayne awezaye kudai kwamba wazo la kutembea juu ya maji ni lake peke yake. Hata hivyo, kila mmoja ana kilicho chake: namna alivyoliunda na alivyoliwasilisha.

Sheria nayo imefuata mpaka huo huo. Hakimiliki hailindi wazo tupu. Hulinda umbo ambalo mtu amelipa wazo lake. Hataza hulinda uvumbuzi, lakini kwa masharti kwamba mvumbuzi aeleze hadharani jinsi unavyofanya kazi. Kwa mwanamazingaombwe hayo ni masharti ya mauti. Horace Goldin alipata hataza ya Marekani mwaka 1923 kwa kiinimacho cha kumkata mwanamke kwa msumeno. Miaka kumi baadaye kampuni ya sigara ikaieleza siri hiyo katika matangazo yake. Goldin alishtaki, na mwaka 1938 akashindwa, kwani siri ilikwisha andikwa katika hataza yake mwenyewe. Teller, naye wa Marekani, alipita njia nyingine. Mwaka 1983 alisajili kiinimacho chake cha ua na kivuli kama mchezo wa kuigiza bila maneno. Mtu mmoja alipouiga na kutaka kuuza siri yake, mahakama ya Nevada ilimpa Teller ushindi mwaka 2014. Kilicholindwa si siri ya kiinimacho, bali mchezo wenyewe: mpangilio wa matendo jukwaani.

Tuje nyumbani. Katika mtaa wa Ziwani jijini Nairobi, jirani na Kariokor, mtaa ambao licha ya jina lake hauna ziwa, nilipata kumjua kijana aliyejitafutia riziki kwa mazingaombwe. Hakuwa na mto Thames. Alikuwa na karai. Alilijaza maji, akamtoa mwanasesere aliyemtengeneza kwa waya na vipande vya ndara, akamsimamisha juu ya maji, na mwanasesere akapiga hatua kutoka ukingo hadi ukingo. Hata hivyo, kilichowavunja mbavu wanafunzi ni masimulizi yake. Mwanasesere alikuwa mpangaji wa Ziwani anayemkimbia mdai kodi mwisho wa mwezi, akivuka ziwa ambalo ramani imelisahau.

Mwigizaji mwingine, mwenye jina kumzidi, alimtazama mara mbili. Muda si muda akawa anazunguka shuleni na karai lake, kwa hadithi ile ile, hata na vituo vile vile vya kuvuta pumzi. Kijana wetu alipofika katika shule moja, watoto walimzomea: huyu anamwiga fulani! Aliyeunda akawa mwizi, na aliyechukua akawa mwenyewe.

Kijana aliibiwa nini hasa? Karai ni la kila mtu. Ufundi wa kumfanya mwanasesere aelee huenda wengine walikuwa nao. Lakini maneno yale, mpangilio wake na vituo vyake vilitoka kichwani mwake. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 ingeweza kumfaa, ila inataka kazi iwe imeandikwa, imerekodiwa au imewekwa katika umbo la kudumu. Yeye hakuwa na hata ukurasa mmoja. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kosa la pili ni kinyume cha hilo: mtu mmoja kukizungushia ua kilicho cha wote. Sisi wanaisimu tuna mfano wetu. Mwaka 1994 kampuni ya Disney iliomba maneno "hakuna matata" yawe alama yake ya biashara kwa mavazi nchini Marekani, na yakasajiliwa mwaka 2003. Ni kweli kwamba usajili huo haukumkataza mtu kuyatamka. Hata hivyo, mwaka 2018 wengi walitia sahihi kuupinga, kwa sababu maneno hayo yalikuwa vinywani mwa Waswahili kabla ya filamu hiyo, na kundi la Them Mushrooms la Mombasa lilikuwa limeyaimba tangu 1982.

Walimu na wanafunzi, nawageukia ninyi kwa kuwa mpaka huu huvukwa kila siku shuleni. Mwalimu hukesha akiandika mchezo wa tamasha la drama, na mwaka unaofuata anausikia jukwaani chini ya jina la mwingine. Mwanafunzi hunakili insha, na akiulizwa, hujibu kuwa mawazo ni ya wote. Mawazo ni ya wote, naam. Sentensi si za wote. Mwanafunzi anayechukua wazo la mwenzake, akalitafakari, akaliandika kwa lugha yake na kumtaja aliyemtangulia, huyo amesoma. Anayechukua sentensi na kulificha jina la mwenyewe anadanganya hadhira ambayo haikukubali kudanganywa, tofauti kabisa na mwenye kiinimacho.

Ushauri wangu kwa wabunifu ni kwamba waandike na kurekodi kazi zao, na kutia tarehe, kabla ya kuzipeleka hadharani. Kwetu sisi watazamaji, mahakama ziko mbali na karai la mtoto wa Ziwani, lakini heshima i karibu, nayo haitozi ada. Tukiona kitu kinaelea, tuulize pia kimeundwa na nani, kisha tumtaje kwa jina lake.