Kalamu ya karani wa besiboli

Juma hili najibu barua ya kijana mmoja aliyetazama besiboli ya Marekani kwenye televisheni. Anauliza: inakuwaje mpigaji aupige mpira, akimbie, afike kituo cha kwanza salama, kisha aandikiwe sifuri?

Swali zuri. Kwanza tuielewe hesabu yenyewe. Mpigaji huupiga mpira kwa rungu la mbao, kisha hukimbia kupitia vituo vitatu na kurudi alipoanzia. Sifa yake hupimwa kwa wastani, yaani mapigo aliyoandikiwa, gawanya kwa zamu zilizohesabiwa. Mwenye mapigo 3 katika zamu 10 ana 0.300, na huyo ni hodari.

Je, pigo lipi linaandikwa? Hapa anaingia karani rasmi wa mchezo. Huyu si mwamuzi. Mwamuzi husema kama mkimbiaji amefika salama au ametolewa. Karani husema amefikaje. Mpira ukienda kwa nguvu hata mlinzi asiuweze, mpigaji huandikiwa pigo. Lakini mlinzi akiuangusha mpira ambao angeudaka kwa juhudi za kawaida, hilo ni kosa la mlinzi. Mpigaji hubaki kituoni kwake, ila kitabuni zamu imehesabiwa na pigo hana. Hiyo ndiyo sifuri uliyoiona, kijana.

Sasa, "juhudi za kawaida" ni zipi? Maneno yamo katika kanuni, lakini kipimo kimo machoni mwa karani. Hupewa saa 24 baada ya mchezo kukata shauri, na siku hizi mchezaji au klabu inaweza kukata rufaa kwa ligi. Kwa miaka mingi ya karne ya 20 kazi hii ilifanywa na waandishi wa magazeti, watu wa fani yangu. Hebu fikiria: leo unamnyima mchezaji pigo, kesho unamwendea kuomba mahojiano!

Ziko pia zamu zisizohesabiwa. Mrushaji akitupa mipira minne mibovu, mpigaji hupewa kituo cha kwanza bure; haandikiwi pigo wala hatozwi zamu. Mwaka 1887 kanuni ilisema vingine, zawadi hiyo ikahesabiwa kuwa pigo. Msimu uliofuata ikafutwa. Tena kuna mpira wa sadaka: mpigaji anaupeleka juu, unadakwa, yeye anatolewa, lakini mwenzake anapata nafasi ya kukimbia na kuingiza pointi. Leo hatozwi zamu kwa hilo.

Mwaka 1941 alitozwa. Msimu huo Ted Williams wa Boston Red Sox alifika siku ya mwisho akiwa na 0.39955, ambayo kitabuni ingesomeka 0.400. Angeweza kukaa benchi akalinde jina. Alicheza michezo yote miwili ya siku hiyo kule Philadelphia, akapata mapigo 6 katika zamu 8, akamaliza na mapigo 185 katika zamu 456, yaani 0.406. Kwa kanuni ya leo, inayosamehe sadaka, angekuwa juu zaidi. Mtu ni yule yule na mapigo ni yale yale. Kilichobadilika ni kalamu.

Na wako ambao kitabu kiliwafungia mlango kabisa. Josh Gibson alizuiwa kucheza ligi kuu kwa sababu ya rangi yake. Alicheza katika ligi za watu weusi, akafariki mwaka 1947. Ni mwaka 2024 ndipo hesabu za ligi hizo zilipoingizwa katika kumbukumbu za ligi kuu, naye akashika nafasi ya kwanza kwa wastani wa maisha yote, 0.372, akimpita Ty Cobb mwenye 0.367. Watafiti walizikusanya hesabu nyingi kutoka magazeti ya zamani. Maana yake kuna mwandishi aliyekaa juani, akaandika kwa usahihi mchezo ambao wakubwa hawakuujali.

Mimi nami nina deni. Zamani, nikitangaza mpira wa miguu, bao la kijana mmoja nililitaja kwa jina la mwenzake. Jumatatu yake alinifuata, akaniambia kwa upole, "Kaka, nyumbani walikuwa wanasikiliza." Nilisahihisha katika kipindi kilichofuata, lakini sijui kama nyumbani kwao walisikiliza tena.

Basi, kijana uliyeniandikia, kanuni za besiboli ni ndefu, lakini shabaha yake ni moja: kila mtu aandikiwe jasho lake, si bahati yake wala uzembe wa mwingine. Karani anaweza kukosea, na kanuni yenyewe inaweza kukosea. Ndiyo maana penye kitabu cha hesabu, iwe uwanjani, ofisini au ghalani, pawepo na njia ya kukifungua tena na kusahihisha. Kwaherini hadi juma lijalo.